Uso wa lenzi bandia ya jicho

Uso wa lenzi bandia ya jicho ni sehemu ya nje ya lenzi inayopandikizwa ndani ya jicho baada ya kuondolewa kwa mtoto wa jicho. Ndiyo sehemu inayogusana na majimaji, protini na seli za jicho kwa miaka yote ambayo mgonjwa atakuwa na lenzi hiyo. Uwezo wa lenzi wa kupinda mwanga hutokana na umbo lake na aina ya plastiki iliyotumika. Lakini namna jicho linavyoipokea hutegemea sana uso wake: kama unapenda maji au unayakimbiza, kama unanata, kama umesuguliwa vizuri, na kama ukingo wake una kona kali au ni wa mviringo.

Tofauti hizi ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Hata hivyo kwa mgonjwa anayeishi mbali na hospitali kubwa, kama wakazi wengi wa wilaya za Masasi na Newala mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, zinaweza kuchangia kuamua kama safari moja ya matibabu itatosha au italazimu safari nyingine.

## Lenzi ya asili na mtoto wa jicho

Lenzi ya asili ya jicho iko nyuma ya mboni. Imefungwa ndani ya kifuko chembamba kinachopitisha mwanga. Kazi yake ni kukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye retina, yaani tabaka la nyuma ya jicho linalopokea picha. Kadiri mtu anavyozeeka, protini za lenzi hubadilika na lenzi hupoteza uangavu wake. Hali hiyo huitwa mtoto wa jicho. Inaweza pia kuletwa na jeraha, kisukari, matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa, au mtoto kuzaliwa nayo. Mtoto wa jicho ni chanzo kikuu cha upofu duniani, na ni upofu unaoweza kuondolewa kwa upasuaji.

Katika upasuaji wa siku hizi daktari hufungua kifuko kwa mbele, hutoa lenzi iliyochafuka, na huacha sehemu ya nyuma ya kifuko mahali pake. Lenzi bandia huwekwa ndani ya kifuko hicho. Ina sehemu ya kati ya mviringo, yenye kipenyo cha milimita 6 hivi, inayopitisha mwanga. Ina pia mikono miwili au zaidi inayoishikilia isiteleze. Uso wa nyuma wa lenzi hulala juu ya kifuko, na matatizo mengi yanayoelezwa hapa chini hutokea katika mgusano huo.

## Historia

Kwa muda mrefu mtu aliyeondolewa mtoto wa jicho alibaki bila lenzi. Alipewa miwani minene yenye nguvu ya dayopta 10 hivi, iliyokuza vitu na kupunguza upana wa mahali anapoweza kuona. Miwani ikipotea au kuvunjika, alirudi karibu katika hali ya upofu. Katika Afrika ya Mashariki njia hii iliendelea kutumika sana hadi miaka ya 1980 na 1990.

Lenzi bandia ya kwanza ilipandikizwa na daktari Mwingereza Harold Ridley katika hospitali ya St Thomas', London, tarehe 29 Novemba 1949. Wazo lilitokana na majeraha ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ridley aliwatibu marubani ambao vipande vya dirisha la ndege viliingia machoni mwao, akiwemo Gordon Cleaver aliyejeruhiwa mwezi Agosti 1940. Vipande hivyo vilikuwa vya plastiki ngumu iitwayo polimethili methakrilati, kwa kifupi PMMA. Ridley aliona kwamba vilikaa ndani ya jicho bila kuleta uvimbe mkubwa. Baadaye mwanafunzi mmoja wa udaktari aliyekuwa akitazama upasuaji alimuuliza kwa nini lenzi iliyotolewa haibadilishwi kwa nyingine. Ridley, ambaye wakati wa vita alichunguza ugonjwa wa usubi katika Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliifanyia kazi hoja hiyo. Kampuni ya Rayner ilimtengenezea lenzi kwa PMMA safi.

Madaktari wengi walipinga jambo hilo kwa miaka mingi, kwa kuwa kuweka kitu kigeni ndani ya jicho kulionekana kuwa hatari. Lenzi za mwanzo zilikuwa nzito, nyingine zilihama mahali pake, na macho mengine yalivimba. Maboresho ya umbo, usafi na usuguaji wa uso ndiyo yaliyozifanya zikubalike.

Kikwazo kilichofuata kilikuwa bei. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab kilianzishwa Madurai, India, kutengeneza lenzi za bei nafuu. Mwaka 1994 kiwanda kingine kilifunguliwa Asmara, Eritrea, kwa msaada wa mfuko ulioanzishwa na daktari wa macho Fred Hollows wa Australia. Viwanda vya namna hiyo viliteremsha bei ya lenzi ya PMMA hadi kiwango ambacho hospitali za misheni na za serikali barani Afrika ziliweza kumudu.

## Tabia za uso

### Kupenda maji na kuyakimbiza

Tone la maji likidondoka juu ya jani la mgimbi hujikusanya kama shanga na kuviringika. Likidondoka juu ya kioo safi hutandaa. Wanasayansi hupima tofauti hiyo kwa pembe inayofanyika mahali ukingo wa tone unapogusa uso, nayo huitwa pembe ya mgusano. Pembe ikiwa ndogo, uso unapenda maji. Ikizidi nyuzi 90, uso unayakimbiza.

Silikoni ina pembe inayozidi nyuzi 90. PMMA ina pembe ya nyuzi 70 hivi. Plastiki za akriliki zinazopenda maji zina pembe ndogo zaidi, kwa kuwa zenyewe zimenyonya maji. Vipimo hubadilika kulingana na njia iliyotumika, na kulingana na kama lenzi ilikuwa kavu au ilikuwa imelowekwa.

Jicho limejaa majimaji, kwa hiyo mtu angeweza kudhani kwamba uso unaopenda maji ndio bora siku zote. Sivyo. Uso unaopenda maji sana hauvuti seli za uvimbe kwa wingi, na hilo ni jema. Lakini pia haushikamani vizuri na kifuko, na hilo huacha nafasi kwa seli nyingine kupenya nyuma ya lenzi.

### Protini na seli

Mara lenzi inapoingia ndani ya jicho, protini zilizomo katika majimaji huanza kutanda juu ya uso wake. Seli zinazofika baadaye hukutana kwanza na tandiko hilo la protini. Aina ya uso huamua ni protini zipi zitashika, kwa wingi gani, na kwa nguvu gani.

Protini mojawapo yenye umuhimu ni fibronektini, ambayo kazi yake mwilini ni kuunganisha seli na tishu. Katika lenzi za akriliki isiyopenda maji fibronektini hushika vizuri, na inaweza kuwa kama gundi kati ya lenzi na kifuko. Katika silikoni hushika kidogo.

Upasuaji wenyewe husababisha uvimbe kiasi. Seli za kinga za mwili huja kuchunguza kitu kigeni, na nyingine huungana kuwa seli kubwa zinazokaa juu ya lenzi. Kwa kawaida hupungua baada ya wiki au miezi. Kwa wagonjwa wenye kisukari au wenye historia ya uvimbe ndani ya jicho huweza kuwa nyingi zaidi. Kwa ajili yao zilitengenezwa lenzi za PMMA zilizopakwa heparini, dawa inayojulikana kwa kuzuia damu kuganda. Heparini huufanya uso upende maji, na seli hushika kwa uchache.

### Kunata kwenye konea

Upande wa ndani wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, umefunikwa na tabaka moja la seli zinazoondoa maji ili konea ibaki angavu. Kwa binadamu seli hizo zikifa hazizaliwi nyingine za kuziba nafasi. Katika miaka ya 1970 ilionekana kwamba PMMA ikigusa tabaka hilo hata kwa muda mfupi hunata na kung'oa seli.

Suluhisho lilikuwa kujaza nafasi hiyo kwa ute mzito kabla ya kuingiza lenzi, ili plastiki na konea visigusane. Ute wa hialuronati ya sodiamu ulianza kutumika mwishoni mwa miaka hiyo. Katika hospitali nyingi za Afrika na Asia hutumika ute wa selulosi, ambao ni wa bei ndogo zaidi.

### Ulaini wa uso

Lenzi ya PMMA hukatwa kwa mashine kutoka kwenye kipande kigumu. Kisha huviringishwa pamoja na vigololi vidogo ndani ya chombo kwa siku kadhaa hadi mikwaruzo yote iishe. Mkwaruzo hutawanya mwanga na huwapa bakteria na seli mahali pa kujishikiza. PMMA kavu pia huweza kuwa na chaji ya umeme tuli na kuvuta vumbi au nyuzi za pamba. Kwa sababu hiyo daktari huisuuza kabla ya kuiingiza, na unga wa glavu haupaswi kuifikia.

## Aina za lenzi na nyuso zake

* PMMA – ni ngumu, haikunjiki, na huingizwa kupitia mkato wa milimita 5 hadi 6 au zaidi. Ina historia ndefu kuliko zote na ni ya bei nafuu. Hutumika sana pamoja na upasuaji wa mkato mdogo usio na mshono, ambao hauhitaji mashine ghali.
* Silikoni – ni laini na hukunjika. Uso wake unakimbiza maji. Haifai kwa jicho ambalo huenda likahitaji kujazwa mafuta ya silikoni wakati wa kutibu retina, kwa kuwa mafuta hayo hunata kwenye lenzi na ni vigumu kuyaondoa.
* Akriliki isiyopenda maji – hukunjika, na hujifungua polepole ndani ya jicho. Ina maji chini ya asilimia 1. Uso wake unanata kiasi na hushikamana vizuri na kifuko. Ilianza kutumika katika miaka ya 1990. Katika baadhi yake huonekana vishimo vidogo sana vyenye maji vinavyometameta vikimulikwa, ingawa mara nyingi havimsumbui mgonjwa.
* Akriliki inayopenda maji – ina maji kiasi cha asilimia 18 hadi 38, na huhifadhiwa ndani ya maji ya chumvi. Ni laini na rahisi kuikunja. Seli za uvimbe hazishiki kwa wingi, lakini ukungu nyuma ya lenzi hutokea zaidi.

Lenzi zinazokunjika huingia kupitia mkato wa milimita 2 hadi 3. Mkato mdogo hupona haraka, lakini kwa kawaida huendana na mashine ya mawimbi ya sauti inayovunjavunja mtoto wa jicho.

## Ukungu nyuma ya lenzi

Tatizo la kawaida kuliko yote baada ya upasuaji ni ukungu kwenye kifuko cha nyuma. Haiwezekani kuondoa seli zote za lenzi ya asili. Zinazobaki pembeni mwa kifuko huendelea kuzaliana, na hutambaa kuelekea katikati, kati ya kifuko na uso wa nyuma wa lenzi bandia. Zikifika katikati, nyuma ya mboni, mwanga hutawanyika na mgonjwa huona ukungu tena. Jambo hili huweza kutokea baada ya miezi au miaka. Kwa watoto wadogo hutokea karibu kwa wote, ndiyo maana madaktari mara nyingi hufungua kifuko cha nyuma wakati wa upasuaji wenyewe.

Watu wengi hudhani mtoto wa jicho amerudi, au kwamba upasuaji ulishindikana. Mtoto wa jicho harudi, kwa kuwa lenzi yenyewe imeshaondolewa. Kilichochafuka ni kifuko.

Mambo mawili ya uso wa lenzi hupunguza ukungu huo. La kwanza ni kunata: uso unaoshikamana na kifuko hauachi njia ya kupita. La pili, lenye nguvu zaidi, ni ukingo. Lenzi za zamani za PMMA zilikuwa na ukingo wa mviringo, kwa sababu kule kuviringishwa na vigololi kulilainisha kona pamoja na uso. Seli zilipita chini yake kwa urahisi. Ukingo wa nyuma ukiwa na kona kali ya mraba, kifuko hujikunja juu ya kona hiyo na kufanya kizuizi ambacho seli hushindwa kuvuka. Watafiti walipolinganisha ukingo wa mraba na wa mviringo katika aina mbalimbali za lenzi, waliona kwamba kona husaidia hata katika PMMA na silikoni. Kwa hiyo hata lenzi ya bei nafuu inaweza kumkinga mgonjwa ikiwa kiwanda kitasugua uso bila kuondoa kona ya ukingo.

Ukungu ukishatokea hutibiwa kwa leza ya YAG, inayofungua tundu katikati ya kifuko bila kisu. Kazi huchukua dakika chache na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Leza isipolengwa vizuri huacha vidonda vidogo kwenye uso wa lenzi, na silikoni hudhurika kwa urahisi zaidi.

## Matatizo mengine ya uso

Chumvi za kalisi. Akriliki inayopenda maji inaweza kukusanya chumvi za kalisi na fosfati juu ya uso au ndani yake, hadi lenzi ikawa nyeupe. Hali hiyo imeonekana hasa baada ya hewa au gesi kuingizwa ndani ya jicho katika upasuaji mwingine. Katika aina moja ya lenzi chanzo kilihusishwa na silikoni iliyotoka kwenye kifungashio. Leza haisaidii hapa, na lenzi hulazimika kubadilishwa.

Bakteria. Bakteria wa kawaida wa ngozi na kope, kama Staphylococcus epidermidis, wanaweza kushika kwenye uso wa lenzi na kujifunika kwa ute unaowalinda dhidi ya dawa. Maambukizi ndani ya jicho hutokea mara chache, lakini yanaweza kuleta upofu. Ndiyo sababu jicho husafishwa kwa dawa ya iodini kabla ya upasuaji, na lenzi haipaswi kugusa kope wala ngozi.

## Hali ya kusini mwa Tanzania

Huduma za afya za Masasi na Newala zina mizizi katika hospitali za misheni. Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi ilianza chini ya misheni ya Kianglikana ya UMCA na baadaye ikawa ya serikali. Hospitali ya Ndanda ilianzishwa na Wabenedikto. Daktari Leader Stirling, aliyefika eneo hilo katika miaka ya 1930 na kufanya kazi Lulindi, baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Alipoanza kazi, lenzi ya kupandikizwa haikuwepo popote duniani.

Leo upasuaji wa mtoto wa jicho nchini Tanzania hufanywa na madaktari bingwa wa macho pamoja na madaktari wasaidizi waliosomea macho, wengi wao katika hospitali ya KCMC mjini Moshi. Wengine huwafuata wagonjwa katika kambi za macho wilayani. Kambi huja na kuondoka, lakini ukungu wa kifuko unaweza kutokea miaka miwili au mitatu baadaye, wakati timu iliyofanya upasuaji haipo tena. Mashine za leza hupatikana zaidi katika hospitali kubwa. Kutoka Masasi hadi Mtwara mjini ni kilomita 200 hivi, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Kwa mzee anayetegemea zao la korosho, nauli yake na ya mtu wa kumsindikiza ni gharama kubwa, hata kama matibabu yenyewe ni ya dakika chache.

Kwa mazingira kama hayo lenzi inayofaa si lazima iwe ya bei kubwa kuliko zote. PMMA yenye ukingo wa mraba, iliyosuguliwa vizuri na kuwekwa yote ndani ya kifuko, inaweza kumhudumia mgonjwa kwa maisha yake yote. Wanunuzi wa hospitali wanaotazama bei peke yake wanaweza kupata lenzi yenye ukingo wa mviringo bila kujua. Inafaa waulize umbo la ukingo pamoja na aina ya plastiki.

Mgonjwa naye anaweza kufanya mambo mawili. Kifungashio cha lenzi huwa na karatasi ndogo za kubandika zinazoonyesha aina, nguvu na namba ya lenzi. Aombe moja ibandikwe kwenye kadi yake na kuitunza, kwani daktari mwingine akiiona atajua ni lenzi gani iliyo ndani ya jicho. Na akianza kuona ukungu baada ya kuwa ameona vizuri, arudi kupimwa. Jicho likiuma, likiwa jekundu au kuona kukipungua ghafla, aende siku hiyo hiyo, kwa kuwa hizo ni dalili za maambukizi au uvimbe. Ukungu unaokuja polepole bila maumivu mara nyingi ni wa kifuko, nao hutibika.

## Tazama pia

* Jicho
* Lenzi
* Mtoto wa jicho
* Plastiki
* Masasi
* Newala